Dakika Kumi na Moja za Salamu

Geita, Jumanne, mwishoni mwa Oktoba 1999. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haijashuka. Nina hasira, lakini nimekula vizuri.

Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, nilipoteza daraja la kati la Kijerumani. Nimelisomea mwaka mmoja na nusu. Nimelipoteza kwa barua pepe ya mistari sita kutoka kwa mwalimu wetu wa mbali, Bi. Ute, ambaye sijawahi kumwona hata kwenye picha. Sababu aliyoitoa ni kwamba tuliamkiana mno.

Naandika kama ilivyo ili siku nyingine nikisoma nisijidanganye. Hakusema tumeshindwa lugha. Alisema tuliamkiana mno.

Mimi nikikasirika hutulizwa na hesabu, kwa hiyo nianze na hesabu. Mtihani wa kuzungumza ni kaseti moja ambayo shule inaituma kwa posta. Watu wawili wanazungumza upande mmoja tu, dakika kumi na tano, na kaseti yenyewe haibebi zaidi. Mnapewa kisa. Chetu kilikuwa hiki: mpangaji anakwenda kwa mwenye nyumba kulalamika kwamba mabomba ya kupasha joto nyumba yameharibika na baridi imeanza. Wanabishana, wanapatana, kwisha. Jana nimekaa na nakala yetu na saa ya mkononi. Salamu: dakika kumi na moja na sekunde ishirini. Mabomba yalianza kuzungumzwa katika dakika ya kumi na mbili. Mapatano hayakufikiwa. Kaseti ilikatika nikiwa ndiyo kwanza nimekunja uso kuanza kugomba.

Mpangaji nilikuwa mimi. Mwenye nyumba alikuwa Mama Rahim.

Niseme huyu ni nani, maana bila yeye nisingepoteza daraja, na bila yeye nisingelifikia.

Mama Rahim ana duka la spea karibu na stendi. Watu wapya mjini humwita Mhindi, naye huwajibu kwa Kisukuma cha ndani kabisa, wakaishia kumwamkia kwa magoti. Amezaliwa Didia, kule Shinyanga, ambako baba yake alikuwa akinunua pamba na kuuza chumvi na kanga. Amekua na watoto wa wakulima, amechunga nao ng'ombe wasio wake, na adhabu alizopigwa utotoni anasema alipigwa kwa lugha tatu. Mume amefariki. Mwanawe Rahim yuko nje ya nchi. Ndiye aliyemletea kompyuta na ile mashine ndogo inayopiga simu Mwanza kwa kelele kama kuku aliyekanyagwa, ili mama awe anamwandikia. Kompyuta iko nyuma ya duka, kati ya maboksi ya oili sili na mikanda ya karasha za kusagia mawe.

Mimi nilifika dukani kwake kwa sababu ya pampu. Nilianza na chapati na uji mashimoni, nikiwauzia wachimbaji alfajiri kabla hawajashuka. Nikaona kwamba wanaokula kwangu wanakaa siku nzima juu bila kazi, kwa sababu duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia, limejaa maji. Nikaacha chapati, nikanunua pampu moja kuukuu. Leo ninazo tatu, zote za Kijerumani, zote zimekuja na vitabu vya Kijerumani. Ya kwanza iliungua kwa sababu fundi aliniambia "weka tu oili yoyote, mama," na kitabu kilichokuwa kinasema oili ipi nilikuwa nimekikalia nikikifanya mto. Siku hiyo niliapa kwamba sitamiliki tena kitu chenye maelezo nisiyoweza kuyasoma.

Daraja la kwanza nililisoma kwa kaseti na kitabu. Nilijifunza rangi, siku za wiki, na kuagiza supu. Daraja la kati linakuja kwa barua pepe. Somo linafika, unalifanya ukiwa tayari, unalirudisha, linasahihishwa, unapewa linalofuata. Hakuna kengele wala fimbo. Mimi nimewahi kukaa wiki tatu bila kugusa somo kwa sababu pampu ilizama na tukawa tunaitafuta kwa ndoano. Niliporudi, somo langu lilikuwa palepale, na Bi. Ute akaniandikia kana kwamba tuliachana jana. Nimesoma darasa la saba kwa shida, nikifukuzwa kila nilipochelewa. Shule inayokusubiri niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na nane, nyuma ya duka la spea. Kwa hilo nitaisifu hata leo nikiwa na kinyongo nayo.

Lakini daraja la kati lina taabu yake, ambayo hakuna aliyenionya. Mwanzoni kila wiki unajiona umekua. Ni kama duara likiwa bado kwenye udongo: mnapiga sururu, jioni mnapima, mmeshuka. Ukifika kwenye mwamba unapiga wiki nzima, ukitazama chini ni palepale. Nilijua maneno mengi, nikiandika makosa yalikuwa machache, ila nikifungua mdomo nilisimama kwanza kupiga hesabu kichwani, neno hili linakaa wapi, lile linamalizikaje. Nikimaliza hesabu, mtu alikuwa ameshaondoka.

Kwenye somo la tisa nilitaka kuacha.

Hapo ndipo Mama Rahim alipoingia, na hakuna aliyemwalika. Nilikuwa naweka kaseti ya mazoezi nyuma ya duka. Inauliza swali, halafu inanyamaza ili ujibu. Mimi nikiwa bado natafuta jibu, naye akiwa kaunta anahesabu bolti, alikuwa anajibu yeye. Kaseti ikauliza, "Unaishi wapi?" Akajibu kutoka kaunta kwa Kijerumani cha kusikiliza tu, "Geita, karibu na stendi. Na wewe?" Kaseti ikaendelea na swali la pili. Akanigeukia: "Ina kiburi hii."

Basi ikawa hivyo. Mimi nikaandika, yeye akasema. Sijawahi kuona mtu anajifunza kama huyu mama. Hamalizi somo hata moja. Anachukua sentensi mbili au tatu, na sharti lake ni kwamba siku hiyohiyo ziwe zimemfikia mtu aliye hai. Na watu walio hai dukani kwake ni wachimbaji. Wanakuja kununua mkanda, wanaondoka wameshaulizwa kwa Kijerumani kama mke wao ni mzima. Siku moja Masanja, mchimbaji ambaye namkodishia pampu, alinivuta pembeni.

"Mama Minza, huyu mama ananitukana au ananisalimia?"

"Anakuuliza kama jana ulilala vizuri."

"Mwambie nililala shimoni, godoro langu ni jiwe."

Nikamwambia. Mama Rahim akataka afundishwe sentensi hiyo, na hadi jioni kila aliyeingia aliambiwa kwa Kijerumani kwamba Masanja amelala shimoni na godoro lake ni jiwe. Sasa hivi kuna wachimbaji sita au saba hapa Geita wanaojibu "gut, Mama, gut," vizuri, Mama, vizuri, bila kuinua macho kwenye spana wanayoichagua.

Nilimwonea wivu, nakiri. Halafu nikaanza kumwiga. Nikaacha kupiga hesabu kabla ya kusema. Mwamba ukaanza kupasuka.

Siku ya kurekodi tulikubaliana vizuri kabisa. Salamu nusu dakika, malalamiko dakika nane, ubishi dakika nne, mapatano mbili na nusu. Niliandika kwenye kipande cha boksi, nikakiegemeza kwenye redio kaseti mbele ya macho yetu. Mama Rahim alivaa shali nzuri kwa sababu alisema mwenye nyumba hawezi kukaa na nguo ya dukani. Nikabonyeza. Nikagonga meza, hodi. Akanikaribisha. Nikamsalimia habari za mchana.

Akaniuliza nimelalaje.

Nikajibu haraka. Akauliza nyumbani hawajambo. Hawajambo. Watoto. Wazima. Mvua huko kwenu imenyesha? Bado kidogo. Ng'ombe wanapata majani? Hapo nilikuwa mpangaji wa ghorofani katika mji wa Ujerumani, nikasema kwamba majani yapo kiasi. Nikajaribu kupenya: "Ahsante, sasa kuhusu mabomba." Akanijibu, kwa Kijerumani kilichonyooka kuliko nilivyowahi kumsikia, kwamba mabomba hayatakimbia, kwanza nimwambie mguu wa mama mkwe wangu unaendeleaje.

Mguu huo ni wa kweli. Mama mkwe wangu alikuwa amelazwa wiki hiyo, na tangu alazwe nilikuwa napika, napeleka, narudi mashimoni, nakwenda tena, na hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote zaidi ya kama kuna mboga. Nikamjibu. Nikamweleza wodi, kidonda, dawa iliyokosekana, muuguzi aliyetusaidia, na jinsi bibi mwenyewe anavyowagombeza madaktari. Nilisema mambo ambayo sikujua kama ninayo kwa Kijerumani. Yeye akauliza, nikajibu, akanipa pole, akanisimulia mguu wa marehemu mumewe. Tukacheka mahali pawili. Kipande cha boksi kilikuwa mbele yetu na hakuna aliyekitazama.

Kaseti ilipokatika nikamwambia, "Mama, tumeharibu."

"Tumeharibu nini? Umewahi kuongea hivyo tangu uanze?"

Sikuwahi. Na kaseti ya pili ya shule haikuwepo, wala hii hairuhusiwi kufutwa. Tukainakili juu ya moja ya kaseti za mazoezi, tukaituma.

Jibu ndilo lile la Alhamisi. Bi. Ute alisema alifurahi kutusikia. Alisema zoezi lilikuwa malalamiko, sisi tukaamkiana mno, na malalamiko hayakufanyika. Alisema hawezi kutoa cheti, tunaweza kurudia Machi. Kama Kijerumani chetu kimefika daraja la kati au hakijafika, hakusema. Nimeisoma mistari yote sita mara nyingi, nimeitafuta hiyo habari, haimo.

Machi hainisaidii.

Kuna kampuni ya wachorongaji, watoboa ardhi, imekuja kupima miamba upande wa huku, na wengi wa wakubwa wao ni Wajerumani. Wanatafuta mtu wa kusimamia stoo na pampu zao, mkataba wa miaka miwili, na pampu zangu zote tatu zingekodiwa humohumo. Ofisi yao iko Mwanza na inataka karatasi inayoonyesha kwamba mtu huyo anajua Kijerumani zaidi ya kuagiza supu. Majina yanafungwa Jumamosi hii. Nikikosa, kazi inakwenda kwa dalali mmoja wa Mwanza mwenye lori na Kiingereza, nami narudi kuwakodishia watu wanaolipa siku wakipata dhahabu. Binti yangu Minza anaingia sekondari Januari. Sina la kuongeza hapo.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda dukani nimejipanga. Niliazima kaseti tupu. Nilifikiri turekodi upya leo hii, tuipeleke Mwanza kwa basi, isafirishwe kwa ndege, na nimwandikie Bi. Ute aipokee hivyohivyo. Nilimkuta Mama Rahim anapanga gasketi kwa ukubwa.

"Shikamoo, Mama Rahim."

"Marahaba. Mkwe wako?"

"Ametoka jana. Mama, nimekuja turekodi tena. Salamu nusu dakika."

"Nusu dakika mtu anamsalimia mbuzi."

"Ni mtihani, mama. Huyo mwenye nyumba hayupo, ni wa kutunga."

"Wa kutunga, lakini atakayekaa pale kwenye kiti ni mimi. Ni mimi utakayenijia na mabomba usoni kabla hujanitazama."

"Wenzetu ndivyo wanavyoishi."

"Nani kakwambia? Kaseti?"

Hapo nikasema baya. Nikamwambia kwamba kwake ni rahisi, yeye ana duka, hapotezi kitu. Aliendelea kupanga gasketi. Baadaye akasema, kwa sauti ileile ya kutaja bei: "Kweli, sipotezi kitu. Mtafute yule mwalimu wa sekondari uliyesema alisomasoma Kijerumani chuoni. Atakusomea karatasi vizuri, na nusu dakika yako utaipata."

Hakuwa amekasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Nilikuwa nimesimama pale na kaseti mkononi, nikimchukia na kumheshimu kwa wakati mmoja, alipoingia mkuu wa wachorongaji mwenyewe.

Anaitwa Bwana Dieter. Mji mzima unamjua kwa kutomjua. Anaingia dukani, anaweka kifaa kibovu kaunta, anaonyesha kwa vidole anataka vingapi, analipa, anatoka. Wauza duka wengine wanasema hana ulimi. Kwa Mama Rahim alikuwa hajawahi kufika. Leo alikuja kwa sababu gasketi aliyoitaka haikupatikana kwingine kote.

Akaiweka gasketi iliyopasuka juu ya kaunta, akanyoosha vidole viwili.

Mama Rahim hakuitazama gasketi. Akamsalimia habari za asubuhi kwa Kijerumani. Yule bwana akajibu neno moja, kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Akamuuliza amelalaje. Akasema vizuri, na mkono ukateremka. Akamuuliza nyumbani kwake hawajambo. Hawajambo. Akamuuliza kama kwao mvua imeanza. Akafikiri kidogo, akasema majani ya miti yanadondoka, theluji bado.

"Na mama yako," Mama Rahim akamuuliza, "yuko hai?"

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Kuna mahali kwenye masomo tulionywa kabisa kwamba watu wale hawaulizwi mambo ya ndani mara ya kwanza. Nililisoma somo hilo mimi, nikalifanyia zoezi, nikapata alama zote.

Bwana Dieter akavua kofia. Akaitazama kwa ndani, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Akasema yuko hai, lakini mwezi wa nane alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na kaka yake amempeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na yeye tangu hapo amesikia sauti yake kwenye simu mara mbili, na mara ya pili mama alidhani anazungumza na mume wake aliyekufa.

Mama Rahim alimpa pole ndefu. Ilikuwa na makosa, nimeyasikia yote, na yule bwana hakurekebisha hata moja. Akamvutia kigoda. Akaita chai. Pale alipokwama kwenye neno nilimpa mimi, maana wodi, mfupa, kidonda, dawa ya maumivu na mkongojo vyote nilikuwa navyo mdomoni tangu ule mguu wa mama mkwe. Bwana Dieter akawa anageuka kwake, anageuka kwangu. Alisimulia nyumba yao, bustani ya mama yake, ngazi zenyewe ambazo yeye alikuwa amesema miaka na miaka kwamba zitengenezwe. Masanja aliingia kununua plagi, akamkuta Mzungu asiye na ulimi anazungumza hadi chai inapoa. Akasimama mlangoni, akaamkia "mhola?" kwa Kisukuma, Mama Rahim akamjibu "mhola duhu," tuko salama tu, na bila kupumua akarudi kwenye Kijerumani. Masanja akanitazama mimi. "Leo tumekwisha," akasema, akakaa juu ya boksi kusikiliza asichokielewa.

Nimekuwa nikijiuliza tangu mchana nilichokuwa nakiona. Nadhani nilikuwa namwona mtu ambaye amefika juu ya daraja la kati bila kujua kwamba kuna madaraja. Sijui maneno yake ni mangapi, pengine nusu ya yangu. Lakini anayatumia yote, kila siku, hakuna lililolala stoo. Mimi nina stoo kubwa na funguo nyingi. Na tulipokaa wawili pale, yeye akifungua mlango na mimi nikipitisha mzigo, yule mtu alipata mahali pa kuuweka mzigo wake pia. Mwaka na nusu wa kusoma, na ile ndiyo mara ya kwanza nimeona Kijerumani changu kinamfaa mwingine zaidi ya pampu.

Alipokumbuka gasketi, biashara ilichukua dakika mbili. Ipo, kipimo ni hiki, bei ni hii, ahsante.

Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamweleza yote: barua pepe, kaseti, mabomba, dakika kumi na moja, mistari sita. Alicheka hadi akakohoa. Akasema alipokuwa kijana mabomba yake yaliharibika kweli, akamlalamikia mwenye nyumba kwa nusu dakika barabara kama kitabu kinavyotaka, na yule mwenye nyumba alikuja kuyatengeneza baridi ilipokuwa inakwisha. Mama Rahim alinitazama juu ya miwani.

Nikamuuliza Bwana Dieter, bila kuzunguka, kama basi kazi ile naweza kuipata. Akawa mtu wa kazi palepale, na kwa hilo nalo nimempenda. Akasema yeye amesikia alichosikia, lakini ofisi ya Mwanza haiajiri chai, inaajiri karatasi. Akasema si lazima iwe cheti. Mstari mmoja tu wa mwalimu, ulioandikwa kwa jina lake, kwamba mtu huyu anazungumza kwa kiwango cha daraja la kati, yeye ataubeba mwenyewe Jumamosi alfajiri akienda Mwanza, na atauweka mezani kwa mkono wake. Bila mstari huo hana cha kubeba.

Akavaa kofia, akamuaga Mama Rahim kwa mikono miwili.

Nikaenda nyuma ya duka. Kaseti tupu nikairudisha kwa mwenyewe, sikuihitaji tena, maana ushahidi wangu Bi. Ute anao tayari mezani kwake. Ninachotaka ni asikie alichokwisha kusikia. Nikaweka nakala yetu, nikaisikiliza tena kwa kusimamisha na kuendelea, nikahesabu. Sisi wawili, ndani ya salamu peke yake, tumesema sentensi mia moja arobaini na mbili. Makosa niliyoyakamata ni kumi na tisa. Kumi na tano ya Mama Rahim.

"Niandike na ya kwako?" nikamuuliza.

"Andika. Kwani nimesema mimi ni malaika?"

Nikaandika barua. Alisimama nyuma ya kiti changu akila karanga. Mara ya kwanza nilianza na hesabu, akaniambia, "Umemvamia mwanamke wa watu kwa namba." Nikafuta. Nikamuuliza Bi. Ute habari za nyumbani na kama baridi imeanza kuuma. Mistari miwili. Nilikataa kuzidisha, naye alikubali mistari miwili kama mtu anayekubali bei ya hasara.

Saa kumi alasiri simu ilishika, kuku akapiga kelele, barua ikaondoka. Mama Rahim amesema jibu likifika atamtuma mtu nyumbani kwangu Kalangalala anigongee hata kama ninapika. Naiweka hapa sehemu ya mwisho ya barua, kwa Kiswahili, ili niwe na nakala ya nilichokitaka.

"Bi. Ute, nimekubali kwamba malalamiko hayakufanyika, sikuombi cheti. Huku kwetu mtu akiingia kwa mtu kulalamika bila kumjulia hali, hasikilizwi, na sisi hatukuweza kujifanya wengine mbele ya kaseti. Ulitusikiliza dakika kumi na moja. Umesahihisha maandishi yangu mwaka na nusu, hujawahi kuniachia hata nukta iliyokosea, na nimekushukuru kwa kila moja. Sasa umeniachia jambo zima bila kulisahihisha. Je, wanawake wawili uliowasikia kwenye kaseti ile wanazungumza Kijerumani cha daraja la kati, au hawazungumzi? Andika mstari mmoja, ndiyo au hapana, uweke jina lako chini. Ijumaa saa sita mchana, kwa saa za huku, duka linafungwa kwa ajili ya swala na simu inachomolewa. Jibu lako liwe limefika kabla ya hapo."